Karanga za Kobusheshe

Kobusheshe alikuwa na miaka kumi na minne, na uongo wake wa kwanza wa maana aliusema akiwa amepiga magoti, kwa sauti ya adabu, mbele ya baba yake. Uongo wa namna hiyo ndio mbaya, maana haufanani na uongo.

Mambo yalianzia kwenye karanga. Kwao waliishi kwa ng'ombe, maziwa ndiyo chakula chao, na kwa watu wa ng'ombe wa Ankole, aliyekula karanga au maharage hagusi maziwa mpaka kesho yake. Akigusa, ng'ombe aliyetoa maziwa hayo atavimba kiwele. Mtoto huyajua haya kabla hajaota meno ya kuzitafuna hizo karanga.

Sasa, Jumamosi ile Kobusheshe alishinda bondeni, kwa rafiki yake Kyarikunda, ambako watu walilima. Mama Kyarikunda alikuwa amechemsha karanga chungu kizima, na wasichana wakala mpaka maganda yakakaribia kuwafukia. Jioni Kyarikunda akamsindikiza mwenzake hadi kwao kilimani. Wakakuta vyombo vya maziwa vimefukizwa, vinanukia moshi wa nyasi, na watu wote wako zizini.

Kobusheshe akamimina vikombe viwili.

"Mimi sinywi," Kyarikunda akasema. "Nimekula karanga."

"Nani atajua?"

"Tumbo langu. Na lako pia."

"La kwangu halina mdomo." Akanywa kikombe chake, kisha, kwa kuwa maziwa hayamwagwi ovyo, akanywa na cha mwenzake.

Siku ya tatu Bihogo akavimba kiwele, na chuchu moja ikatoa damu. Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu ambaye Mzee Katureebe, baba yake Kobusheshe, alimtungia sifa ndefu kuliko alizowahi kumtungia mkewe. Mzee akakusanya watu wa nyumba.

"Nani amekula vya shamba akagusa maziwa yangu?"

Kobusheshe akapiga magoti. "Ni Kyarikunda, baba. Alikunywa hapa Jumamosi. Sikujua kama amekula karanga."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mtoto wa wakulima, karanga, maziwa; maneno yalikaa sawasawa kama kifuniko na chungu chake. Mzee akatuma habari bondeni kwamba binti yule asikanyage tena kwake. Habari ikapitia kisimani, ikapitia gulioni, na kufika Alhamisi Kyarikunda alikuwa ameshaitwa mroga ng'ombe, tena na watu ambao hata mkia wa ng'ombe hawana.

Kyarikunda hakujitetea. Shuleni alibeba madaftari yake, akahamia dawati la mbele, akakaa na msichana mmoja anayepumua kwa mdomo. Kobusheshe akabaki na dawati zima peke yake, na halikuwahi kuwa jembamba kama wiki ile.

Ijumaa akaja daktari wa mifugo. Akaminya chuchu, akanusa, kisha akamgeukia Mugume, kaka yake Kobusheshe, aliyekuwa mkamuaji.

"Hebu nione mkono, kijana."

Kucha ya kidole gumba ilikuwa ndefu, na chini yake kulikuwa na udongo wa kutosha kupanda viazi.

"Huyu ndiye ugonjwa wenyewe, mzee. Kamkwaruza, uchafu ukaingia."

"Na karanga?"

"Karanga ziko tumboni mwa mtu, mzee wangu. Zitamrudia ng'ombe kwa njia gani?"

"Nyinyi mliosoma," Mzee Katureebe akasema, lakini kisu cha kumkata Mugume kucha alikileta mwenyewe.

Kobusheshe akashuka bondeni mbio, moyo mwepesi kama unyoya. Kyarikunda alikuwa akipalilia maharage.

"Yameisha," Kobusheshe akasema, akihema. "Daktari amesema si karanga. Ni kucha za Mugume."

Jembe halikusimama. "Na wewe ulijua kwamba ni kucha za Mugume?"

"Lini?"

"Uliponitaja."

Kobusheshe akaokota bonge la udongo, akalivunjavunja vidoleni.

"Ulidhani umemdhuru Bihogo wa watu," Kyarikunda akasema, "ukaona afadhali nionekane nimemdhuru mimi. Huyo daktari amemtibu ng'ombe tu."

"Niliogopa. Baba angenipiga."

"Baba yako hajakupiga tangu uzaliwe. Hata fimbo yake ameisahau alipoiweka."

"Basi nisamehe, mwenzangu."

"Hapa? Umenichafua kule juu, unakuja kuniomba radhi huku chini, mashahidi wako panzi?" Akang'oa gugu, akalitupa. "Panda ukaseme. Kwa mdomo ule ule."

Njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda, na Kobusheshe aliipanda polepole. Kilimani jambo lilikuwa limepoa. Bihogo amechomwa sindano, Mugume amechekwa, na hakuna aliyekuwa akimuuliza yeye kitu. Akikaa kimya hatapoteza chochote kwao. Atampoteza Kyarikunda tu. Alilipima hilo mpaka akafika zizini, ambako majirani walikuwa wamekuja kumtazama mgonjwa.

Safari hii hakupiga magoti. Aliogopa kwamba akipiga magoti, mdomo utashika njia ile ile ya uongo.

"Baba, Kyarikunda hakunywa maziwa. Alikataa. Nilikunywa mimi, na karanga nilikuwa nimekula."

Majirani wakaanza kumkagua Bihogo pembe kwa makini sana.

"Ulikunywa kiasi gani?" Mzee akauliza.

"Changu na chake."

Bibi yake Kobusheshe akakohoa ndani ya shuka alilojitanda, kikohozi chenye kicheko ndani yake. Mzee hakucheka.

"Daktari ana yake na mimi nina yangu. Siku saba hunywi maziwa ya nyumba hii. Utakula wapi, utajua mwenyewe."

Asubuhi Mzee Katureebe akashuka bondeni na chungu cha samli. Neno samahani hakulitamka, maana wanaume wa rika lake hulimeza kabla halijafika kooni. Lakini aliomba maji kwa Mama Kyarikunda, akakaa, akayamaliza yote. Alipoondoka akamwambia binti, "Njia ya kwangu unaijua."

Nyuma yake akafika Kobusheshe, tumbo likinguruma. Kyarikunda akamtazama, kisha akamsogezea sahani ya maharage na viazi vitamu.

"Sijakusamehe. Ila njaa yako haijanikosea."

Siku ya pili akasema, "Sijakusamehe. Chumvi hiyo hapo." Ya tatu, "Sijakusamehe, na leo unaosha vyombo." Ya nne neno hilo alilisema akiwa na kiazi mdomoni, halikueleweka vizuri.

Siku ya tano alikuwa akisimulia jinsi mjomba wake alivyoteleza ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, la kukamulia pombe ya ndizi, akatolewa amelewa kwa kupitia ngozi. Akacheka mpaka akampiga Kobusheshe begani, akamgawia nusu ya kiazi chake, akaendelea na hadithi. Lile neno la kila siku halikutoka.

Kobusheshe aliliona pengo lake. Akawa na akili ya kutolitaja, akainama akala.