Kikapu cha Shimo Jeusi

Mwalimu Lewis aliingia kwenye banda la kikundi chetu cha ususi hapa Maungu akiwa ameshika simu mbele yake kama mtu aliyebeba uji wa moto. Anafundisha sayansi Voi. Alitaka kikapu kipana cha kutundika darasani, chenye picha iliyokuwa kwenye simu: weusi katikati, na duara la rangi ya machungwa kuuzunguka.

"Ni jicho la paka?" akauliza Pauline, msusi wetu mwenye maneno mengi.

"Ni katikati ya galaksi yetu, mama. Lile kundi la nyota ambamo hata jua limo. Pale kuna shimo jeusi. Mawingu ya gesi yanalizunguka mpaka yanapata moto na kung'aa."

"Na shimo lenyewe?"

"Halionekani."

"Kama bwana yangu. Simwoni, naona tu sufuria zimebaki tupu."

Wote walicheka isipokuwa Mama Tryphena, mwenyekiti wa kikundi. Yeye alinitazama mimi. Tangu nijiunge, kazi yangu ilikuwa kusokota nyuzi za mkonge pajani ili wengine wasuke.

"Nzembi atakisuka," alisema. "Kikiwa kizuri, atahamia mkeka wa wasusi. Kikiharibika, ataendelea kusokota."

Nilikuwa na maswali, lakini niliangalia viatu vya Mwalimu tu. Niliacha shule darasa la sita, na kuuliza mbele ya watu naona haya.

Kikapu huanzia katikati. Hapo ndipo nilipokwama. Unaanzaje na kitu kisichoonekana? Mwishowe nilianza na nyuzi nyeusi, nikazikaza sana, kisha za machungwa, mviringo baada ya mviringo. Nilikiona kizuri. Mwalimu alipopita kukitazama, alikuna kichwa.

"Kimetulia mno. Gesi haitulii. Upande mmoja unang'aa kuliko mwingine. Kuna inayoanguka ndani, kuna inayorushwa mbali."

"Sasa hilo shimo linameza au linatema?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Linameza. Inayorushwa ni ile ambayo haijaingia."

Nilichanganyikiwa kuliko mwanzo. Nikafumua, nikaanza upya, nikibadilisha rangi kila mahali. Ukibadilisha rangi, ncha ya uzi hubaki upande wa ndani, na kikapu kikiisha unazikata zote kwa makasi. Safari hii zilikuwa msitu. Siku ya kukichukua nilikipindua ndani nje ili nianze kukata, Mwalimu akaingia.

"Usiguse! Hiyo ndiyo gesi yenyewe!"

"Mwalimu, huu ni upande wa ndani. Hakijaisha."

"Hivyo hivyo."

Akaondoka nacho, ncha zote zikiwa zimesimama.

"Kikapu kimetoka kitandani hakijachana nywele," Pauline akasema, "na bado kimepata mchumba!"

Mama Tryphena alingoja kicheko kiishe. "Mimi ningekikataa. Yeye amekipenda. Wewe unasemaje?"

Niliwaza ule upande niliousuka kwa bidii, ambao sasa ungetazama ukuta.

"Sijui, Mama. Hata sijui nimesuka nini."

"Mimi pia sijui." Akakunja miguu, pakabaki nafasi kwenye mkeka wa wasusi. "Kaa. Suka kingine tuone."

Nilikaa. Pauline akanisukumia fungu la nyuzi, nami nikaligeuzageuza, nikitafuta pa kuanzia.