Usinistaafie Mimi

Lumbani Gondwe aliacha kazi akiwa na miaka hamsini na mbili, bila kumshauri mtu. Alikuwa ofisa utumishi wa kampuni moja ya tumbaku mjini Lilongwe, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaita watu ofisini, kuwapa kiti, kisha kuwaambia hawana kazi tena. Siku alipoagizwa amwachishe kazi Mzee Chirambo, mlinzi aliyemtania kila asubuhi, alimpa kiti kama kawaida, mdomo ukagoma. Akaandika barua yake mwenyewe ya kuacha kazi, akapanda basi la kwenda nyumbani kwake Mzuzu.

Njiani alipanga maisha upya. Angestaafu mapema, ahamie kwenye shamba lao la kahawa kule Rumphi pamoja na mkewe, Tawonga, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akimwona mwisho wa mwezi tu.

Tawonga alimchinjia kuku. Lakini siku zilivyosonga, Lumbani akagundua kwamba sebule yake imekuwa chumba cha kushonea. Kina mama wa kanisani waliingia asubuhi na vitambaa vyao, wakapiga soga na kuangua vicheko vya kuvunja mbavu. Akitokea yeye mlangoni, kicheko kilikatika.

"Karibu, baba," walisema, wakainamia cherehani.

Jioni moja, wageni walipoondoka, alimweleza mkewe. "NyaMhango," alisema, akimwita kwa jina la ukoo aliozaliwa, "nataka nistaafu moja kwa moja. Twende Rumphi."

Tawonga alikuwa akisonga sima. Hakugeuka. "Twende nani na nani?"

"Mimi na wewe. Kuna wengine?"

"Baba Temwa, nikafanye nini huko?"

"Tupumzike. Tukae pamoja."

"Mimi nani kakwambia nimechoka?" Alipakua sima, akaiweka mezani, akakaa. "Mwanetu Temwa alipougua surua nilikuwa peke yangu. Mama alipofariki, ulikuja kwenye mazishi ukaondoka kesho yake. Mwaka wa kwanza nililia. Wa pili nikalia. Halafu wanawake hawa wakanijia na vitambaa vyao."

"Nilikuwa nawatafutia."

"Najua, na ahsante. Sikulaumu hata kidogo." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchoma. Angegombezwa, angepata la kujibu. "Staafu, mume wangu. Kazi ile ilikuwa inakumaliza, nilikuona. Ila usinistaafie mimi."

Walikula. Lumbani alitafuta neno la kumwambia, akakuta anayoyajua ni ya mvua na ya bei ya kahawa. Hakujua mkewe huchekeshwa na nini.

Alingoja mwezi mzima, akitumaini Tawonga atabadilika. Kampuni nyingine ikamwita kwa kazi ileile, akakataa. Mwishowe akasema atatangulia Rumphi, mkewe atafuata akipenda.

"Nitakuja kukutembelea," Tawonga alisema.

Asubuhi ya safari alimfungia begi: mashati chini, sweta juu, samaki wakavu kwenye mfuko wa pembeni. Mikono yake ilikwenda haraka, haikusita popote. Lumbani alisimama karibu naye, akiomba moyoni mkewe akose kuiona hata soksi moja, wapate kuitafuta pamoja.

Zipu ikafungwa. Nje kina mama walikuwa wameshaanza kubisha hodi.