Uji Ulioonjwa Getini

Mahakamani, askari jela aliyenivunja mkono kwa rungu hakukana. Wakili wa serikali ndiye aliyekuja na maneno yake: eti nilipigwa kwa hasira za mtu binafsi, serikali haihusiki na fidia ninayodai. Nilisaga meno. Hasira za mtu binafsi zilinifuata mpaka selo, zimevaa sare na kushika funguo?

Shangazi yangu, ambaye ndiye wakili wangu, hana papara. Alimsogelea yule askari kizimbani, akamuuliza taratibu kama mtu anayeulizia njia.

"Mama wa mteja wangu alipomletea uji, pale getini mlimwambia afanye nini?"

"Auonje kwanza. Kila mgeni anaonja alicholeta."

"Hata mama mzazi?"

"Hata mama mzazi. Mfungwa yuko mikononi mwa serikali. Akidhurika, tunaulizwa sisi."

"Vizuri. Na rungu lako, nani alilionja?"

Askari alimtazama wakili wa serikali. Wakili wa serikali alitazama viatu vyake. Jaji aliandika, kisha akapiga mstari chini ya alichoandika.

Nilitaka kumpigia shangazi makofi palepale. Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja tu.