Chai ya Kungoja Kompyuta

Umewahi kumwona mtu akisifia mwendo wa gari lililozimwa? Mimi nimemwona. Gari lenyewe lilikuwa kompyuta, na msifiaji ni mkwe wangu, mume wa binti yangu ninayeishi kwake. Namwita Bwana Kasi. Namwita hivyo moyoni tu, maana mkwe hatukanwi usoni.

Binti yangu ni mshonaji. Zamani alichora vipande vya nguo kwa chaki. Siku hizi anavichora kwenye kompyuta, anavichapa kwenye karatasi kubwa, ndipo anakata kitambaa. Kompyuta hiyo ilikuwa imezeeka. Asubuhi akibonyeza kitufe, ndani kunaanza krrr, krrr, tk, kama mzee mwenye kikohozi anayetafuta kandambili zake gizani. Kwenye kioo kunatokea kaduara, kanazunguka, kanazunguka, na hakuna kinachofunguka. Basi anaiacha pale kando ya cherehani, anakuja jikoni, anavuta kigoda, tunakunywa chai.

Hapo ndipo tulipokuwa tunaongea. Mchana kuna wateja, jioni kuna mume na simu yake. Ni hapo tu, kaduara kakizunguka, aliponiambia mgongo unamuuma wapi, au mteja gani amenenepa na hataki kupimwa upya. Mimi nami nilimpa habari za goti langu na ndoto zangu, hata zile zisizo na kichwa wala miguu. Mkoromo wa kompyuta ukitulia chumba cha pili, anasuuza kikombe chake, anakwenda.

Sasa huyu Bwana Kasi. Kazi yake ni kuuza magodoro, yaani analipwa kwa kulaza watu, lakini mdomoni mwake neno ni moja tu, kasi. Anatazama video kwenye simu, akiinuka kitini keshakuwa fundi. Alitengeneza pasi, na tangu siku hiyo haipati moto mpaka uishike kiubavu. Alitengeneza bomba la jikoni, nalo sasa likifungwa ndipo linapotiririka.

Siku moja akaja na kiboksi. Ndani mlikuwa na kitu chembamba, chepesi, kama biskuti iliyokanyagwa.

"Mama, hii ndiyo SSD," akaniambia. "Ile diski ya zamani ina kisahani kinazunguka na kasindano kanasoma juu yake, ndiyo maana inachelewa. Hii haina kinachozunguka. Haikoromi, haitoi sauti hata chembe. Ukibonyeza tu, paa! Imewaka."

"Na udogo wote huo, baba?"

"Ndogo lakini moto, mama."

"Moto kama pasi?"

Binti yangu aliinamia sindano yake, mabega yakamtikisika.

Bwana Kasi akaipindua kompyuta juu ya meza ya kulia. Nikamsogezea sahani ya kuwekea skurubu, maana namjua. Kunakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya alikuwa amekwisha, na hapo simnyimi haki yake, hakupoteza kitu. Taabu ilianza kwenye kufungua. Skurubu moja iliyoshika diski ya zamani ilikataa. Akaikandamiza kwa bisibisi, akatoa ulimi, akatoa jasho, ikakataa.

"Wala si lazima itoke," akasema, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. "Hii mpya nitaiweka pale panapoingia CD."

Akachomoa kidroo cha CD, akaichomeka biskuti yake humo, akafunga. Skurubu moja ikabaki kwenye sahani.

"Hii je?" nikamuuliza.

"Hiyo ya akiba."

Kiwanda kizima kilikaa chini kikamfikiria mkwe wangu, kikamwekea skurubu ya akiba! Nikaichukua, nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Kesho yake asubuhi alituita sote wawili tushuhudie. Akabonyeza kwa madaha, kidole cha mwisho kikiwa juu kama anakunywa kwenye kikombe cha kifalme. Ndani kukaanza: krrr, krrr, tk.

"Mara ya kwanza inazoea," akasema.

Kaduara kakazunguka. Tukasimama. Goti likaanza kunidai kiti.

"Mmeona? Ingekuwa zamani tungekuwa bado tunangoja."

"Tunangoja sasa," nikasema.

"Lakini kidogo imechangamka," binti yangu akadakia. Anampenda mumewe, afanyeje.

Mimi nilikuwa nimekwisha sikia nilichosikia. Kwa kinywa chake aliniambia kitu hicho hakikoromi. Kumbe kimeingizwa mle kama mgeni aliyeketishwa sebuleni akasahauliwa, na mzee wa kikohozi ndiye bado anayeamka kufungua mlango. Niseme ili iweje? Binti yangu alikuwa amekwisha vuta kigoda, na chai ilikuwa imekolea.

Bwana Kasi akaenda kuwasimulia wauza magodoro wenzake. Akarudi amevimba. "Nyumbani kwangu hakuna kungoja," alisema, na hapo mkewe alikuwa amekaa jikoni akingoja.

Ndipo ikaja kazi ya hoteli. Sare za wahudumu wote, wanene kwa wembamba, na kila kipande kichorwe. Kompyuta ikawa inakwama katikati ya mchoro, binti yangu anaizima, anaiwasha, krrr, anakaa anaikodolea macho. Chai nayo ikakosa ladha, maana alikuwa akinywa huku anageuka kutazama mlangoni. Jioni moja mumewe akamkuta hivyo.

"Tatizo si mashine," akamwambia. "Mashine nimeshaitia roho mpya. Tatizo ni wewe, umeijaza takataka zako. Mashine ya kasi inataka mtu wa kasi."

Binti yangu alishika mkasi, akauweka chini. "Labda kweli nimekuwa mzito," akasema polepole. "Kesho niwaambie hoteli watafute mshonaji mwingine."

Hapo mambo yakaingia nyongo. Mtu anayelaza watu kwa mshahara amwambie mwanangu mzito!

"Baba," nikasema, "ile yako ulisema haikoromi?"

"Haikoromi, mama. Haiwezi."

"Iwashe, utege sikio."

Akaiwasha. Akainamisha sikio juu ya vitufe kama daktari. Krrr, krrr, tk. Uso ukaanza kumshuka.

"Labda feni hiyo."

"Feni inavuma. Huyo anakohoa. Ile uliyonunua haijaamka hata siku moja, baba. Umeuza godoro mpaka ndani ya kompyuta."

Binti yangu alicheka mpaka machozi aliyokuwa ameyazuia yakapata njia. Bwana Kasi akachomoa simu, akatafuta, akatafuta. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna aliyeiambia ianzie kwenye mpya. Inaanzia palepale pa zamani."

"Hakuna aliyeiambia," nikarudia. "Nani huyo mvivu?"

Nikamletea mafuta ya cherehani. Tone moja juu ya skurubu iliyokataa, tukaliacha lizame, ikazunguka kama haijawahi kuwa na kinyongo na mtu. Diski ya zamani ikatoka. Mpya ikakaa mahali pake, na ile skurubu ya akiba, niliyoitoa kwenye kopo la vifungo, ikapata tundu lake. Akabonyeza. Kimya. Kidole hakijaondoka sawasawa, kioo kimewaka chote.

"Mama, ona!" binti yangu akapiga kelele.

"Nilijua tu," akasema mumewe. Mtu huyo hana dawa.

Asubuhi nikaweka birika, nikasogeza kigoda. Nikasikia kitufe, na papo hapo nikasikia mkasi unakula kitambaa. Chai ikaota utando. Asubuhi iliyofuata vilevile, na nyingine tena. Sare zikaisha, hoteli wakazisifu, wakaagiza nyingine. Nilifurahi, nani asiyefurahi? Lakini ile biskuti niliichukia. Kitu kisichokohoa wala kupiga chafya, mtu atajuaje saa ya kumimina chai?

Asubuhi moja nilikuwa nimeitoa diski ya zamani kwenye droo, naipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, binti yangu akaingia kuchukua maji, mkasi mkononi.

"Mama, hiyo ya nini? Si tumeshaitoa?"

"Naiangalia tu."

"Goti linakusumbua? Unataka nini, mama?"

"Sitaki kitu, mwanangu. Nenda kafanye kazi."

Akajaza kikombe maji, akageuka. Kigoda kilikuwa palepale, kitupu, na alikipita bila kukigusa. Nikamwita.

"Nilitaka ukae," nikamwambia. "Ile mashine ilikuwa mbovu, na mumeo amefanya la maana, usije ukamwambia nimesema. Lakini ubovu wake ndio uliokuwa unakuleta hapa. Nataka uje mwenyewe, bila kuletwa. Weka mkasi huo, ukae, unywe chai na mimi."