Nukta ya Mama Agar

Niseme mapema kwamba mimi si mwoga. Nimepanda minara ya simu huku mvua ikinguruma, nimepigwa na umeme nikaamka nikicheka. Lakini katika Kamina nzima kulikuwa na mtu mmoja aliyenitoa jasho kwa kupita tu: mama mfupi, mnene, mwenye viatu vyeupe visivyo na kishindo, mkuu wa wauguzi wa hospitali yetu. Anaitwa Mama Agar, na ndiye aliyemzaa Béthanie.

Béthanie anafundisha Kifaransa katika sekondari iliyo nyuma ya kanisa. Nampenda kiasi kwamba wenzangu kazini wameshanikataza kutaja jina lake wakati wa chakula. Mwezi uliopita baba zangu wadogo wawili walipanda treni kutoka kwetu Mwene-Ditu, Kasai, wakakaa sebuleni kwa Mama Agar, wakaleta posa kwa maneno mazuri ajabu. Baba yake Béthanie ni marehemu, kwa hiyo aliyewapokea ni mjomba wake, Mzee Timothée. Akasema jibu litatolewa Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada, na jibu lenyewe ni la mama. Mama alikaa kimya jioni nzima. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Ukimya ule niliuogopa. Sisi ni watu wa Kasai. Baba yangu alikuwa karani wa reli hapahapa Kamina mpaka mwaka 1993, watu wetu walipofukuzwa Katanga naye akaondoka juu ya behewa pamoja na wengine wengi, na tangu hapo hajakanyaga tena mji huu. Hata kwenye posa hakuja. Alisema atasubiri kwanza asikie yule mama atasema nini. Kwa hiyo jibu la Mama Agar lilikuwa langu na lilikuwa la baba pia.

Sasa, kwetu Kasai na kwao huku Katanga, desturi hii ni moja: mwanamume na mama mkwe wake hawakutani ovyo. Desturi yenyewe inaitwa buko. Humtazami usoni, humpiti njiani, na zaidi ya yote, hamwonani mkila. Mimi nilikuwa bado sijawa mkwe wa mtu, lakini nilijiambia heri nianze heshima mapema, asije akapata sababu ya kunikataa. Tatizo ni kwamba mimi ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, na hospitali yetu ni jengo moja refu la enzi za Wabelgiji, korido moja tu, wodi ya wazazi mwisho wa kulia, upasuaji mwisho wa kushoto. Utamkwepa wapi?

Ndipo Mungu alipoleta Inspecteur. Hilo, yaani Mkaguzi, ni jina tulilokipa kisanduku cheusi ambacho marafiki wa kanisa walio ng'ambo walitutumia, kwa sababu mashine za oksijeni zilikuwa zinapotea kutoka wodi hadi wodi. Kila mashine, kila kiti cha magurudumu na kila mfanyakazi ana beji inayotoa mawimbi ya Wi-Fi. Antena za darini zinayanasa, Inspecteur anapiga hesabu, na kwenye ramani ya hospitali, kwa simu au tableti, unaona nukta zinatembea, kila moja na jina lake. Daktari Nahum, mkurugenzi wetu, alifurahi kwamba sasa atajua oksijeni iko wapi. Mimi nilifurahi kwamba sasa nitajua Mama Agar yuko wapi. Akiwa kushoto, mimi kulia. Akija kulia, mimi naingia hata chooni. Mwezi mzima sikukutana naye hata mara moja, na nilijiona mjanja kuliko wajanja wote wa mkoa wetu wa Haut-Lomami.

Kisha Ijumaa, siku mbili kabla ya jibu, Daktari Nahum akaniita.

"Tshimanga, bale ba-partenaires baliandika. Version yetu ya Inspecteur ilizeeka, habataitunza tena. Fanya mise à jour leo."

"Docteur, shi tungoje Lundi?"

"Juu ya nini Lundi?"

Ningemwambia nini? Kwamba kabla ya Jumatatu, bila ramani, mimi ni kipofu mbele ya mama mkwe? Nikasema sawa, leo napandisha toleo jipya, nikaenda kujifungia kwenye chumba cha mitambo, katikati kabisa ya korido.

Kazi yenyewe ilikwenda kama harusi. Kwanza nikahifadhi nakala ya kila kitu. Huwezi kuruka kutoka toleo la zamani moja kwa moja hadi jipya. Unapitia kwanza toleo la kati, kisanduku kinazimika, kinawaka, unashusha pumzi, kisha unapandisha la pili. Faili nilikuwa nimeshazipakua mapema, maana mtandao wetu una siku zake. Betri za sola zilikuwa zimejaa. Hata taa ya kijani iliwaka bila kubembelezwa. Ramani mpya ilipotokea, yenye rangi, yenye nukta zinazoteleza badala ya kurukaruka, nilicheza dansi peke yangu kati ya nyaya.

Fundi mzuri hajaribu kazi kwa macho tu. Nikatafuta nukta yangu: hiyo hapo, chumba cha mitambo, palepale nilipokaa. Safi! Nikafunga kompyuta.

Laiti ningetembea kidogo ndipo nijitafute. Toleo la zamani lilipima ramani kuanzia kona ya kushoto. Jipya lilianza kona ya kulia, na mimi sikuambiwa wala sikuuliza. Kwa hiyo picha ya jengo ilibaki vilevile lakini watu wote waligeuka: wa kulia akaonekana kushoto, wa kushoto akaonekana kulia. Mahali pekee ambapo nukta haikuhama ni katikati kabisa, na katikati ndipo nilipokuwa nimekaa, nikijipongeza.

Njaa ikanishika. Nilikuwa na muhindi wa kuchoma nilionunua getini, na mtu hali karibu na mitambo. Nikatazama simu: nukta ya Mama Agar iko upasuaji, kushoto kabisa. Vizuri sana. Nikashika njia ya kulia, nikipiga mluzi, hadi kile chumba kidogo cha chai kwenye wodi ya wazazi. Nikang'ata muhindi, nikasukuma mlango kwa bega.

Mama Agar alikuwa ndani. Tonge la bukari, ugali wa huku, lilikuwa mkononi, sombe ya majani ya muhogo ikidondoka, na kinywa kimefunguka tayari kulipokea.

"Vidye wangu!" akamwita Mungu kwa kelele, akajifunika uso kwa aproni.

Mimi sikuweza hata kuomba radhi, maana muhindi ulikuwa umenibana meno. Niligeuka, nikajigonga kwenye mlango, nikatoka mbio. Yaani si kwamba nimemwona tu. Nimemwona akila, naye ameniona nikila, na nukta yake bado inametameta upasuaji kama vile hakuna lililotokea!

Nikajiambia mashine inachelewa, ni uchovu wa siku ya kwanza. Nikaitazama tena nikiwa korido. Nukta ya Mama Agar ilikuwa inatoka mbio kuelekea ua wa kushoto. Haya basi, mimi nikakimbilia ua wa kulia, penye kamba za nguo, nijifiche kati ya mashuka ya hospitali mpaka moyo utulie. Nikasogeza shuka la kwanza. Nikasogeza la pili. Nyuma ya la tatu kulikuwa na viatu vyeupe.

Tulipiga kelele pamoja, kwa sauti moja, utadhani tumefanya mazoezi ya kwaya. Yeye akajivutia shuka usoni, mimi nikajivutia langu, na wote wawili tukakimbia bila kuona. Élisée, mzee anayesukuma viti vya magurudumu, alikuwa pembeni. Aliniambia baadaye kwamba alicheka mpaka akakaa mwenyewe kwenye kiti cha mgonjwa.

Kando ya ua kuna stoo ya mashuka yenye milango miwili. Mimi niliingia wa mbele. Ndiyo, unajua tayari. Yeye aliingia wa nyuma.

Tukasimama. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kukimbia tena. Kila mmoja akampa mwenzake mgongo, na katikati yetu palikuwa na mashine ya oksijeni mbovu inayosubiri kutengenezwa. Kwa desturi, mama mkwe akiwa na neno hakuambii wewe. Anamwambia mtu wa tatu, nawe unasikia. Mtu wa tatu hakuwepo.

"Weye mashine," Mama Agar akasema akihema, "uulize ule kijana, juu ya nini ananifwata? Tablette yangu inasema iko chirurgie!"

Nilimeza mate na punje za mahindi.

"Mashine, ambia Mama pardon sana. Minyi naye, téléphone yangu inasema Mama njo iko chirurgie."

Nikasikia akigusa kioo cha tableti yake. Na mimi nikagusa changu. Nikaona nukta zetu mbili zimekumbatiana upasuaji, mwisho wa kushoto, na hapo ndipo akili yangu iliporudi kutoka likizo: kulia imekuwa kushoto. Lakini kitu kingine kilinichoma zaidi.

"Mashine," nikasema polepole, "uulize Mama, anaangaliaka nukta yangu?"

"Kila siku! Tangu bale baba zake badogo balikuja. Nikiona anakuja huku, minyi naenda kule. Anaenda kule, minyi narudia huku. Miguu ilinivimba!"

Jamani. Mwezi mzima nilidhani mimi ndiye ninayekimbia, kumbe na yeye alikuwa akinikimbia. Mtu akikukimbia mwezi mzima hata miguu ikavimba, si ni kwamba hataki kukuona? Nilimwona akilini baba, kule Mwene-Ditu, akisikia hapana na kuweka simu chini.

"Uambie tena," sauti ikaendelea, sasa kali kabisa, ile ya kugombeza wauguzi wanaochelewa, "aliniona nikikula. Na minyi nilimuona na muhindi mu kinywa. Haya ya leo hayaishi hivi. Aniletee kuku. Kuku mama, munene, si bile bya mifupa tu. Leo leo, mbele jua haijaingia."

Mlango wa nyuma ukafungwa. Nikaanguka kwenye rundo la mashuka. Nimekataliwa, na juu yake nimetozwa faini.

Nilimpigia Béthanie, ingawa nilijua yuko darasani. Niliona heri asikie kutoka kwangu. Nikamweleza yote bila kupumua: ramani, muhindi, tonge, mashuka, mashine.

"Na sasa mama yako ananikasirikia mpaka anataka kuku," nikamaliza. "Chérie, tumekwisha."

"Alilomba nini?"

"Kuku. Mama, munene."

Ukaja ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Base, kambi ya jeshi nje ya mji, na nyuma yake nikasikia wanafunzi wote wakipiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

"Tshimanga! Weye una kichwa ya machine kabisa! Docteur Nahum alikuta mama anakula mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Alilipa kuku?"

"Hapana."

"Na mama anamukimbiaka?"

"Hapana."

"Muntu wa inje, mama anamuangalia mu macho na anaendelea na bukari yake! Anayekimbiwa ni muko. Anayelipa kuku ni muko. Wewe ulikuwa muko yake tangu siku ile, mupumbavu wangu!"

Mkwe! Nilisimama juu ya yale mashuka nikaruka, nikaruka tena, nikagonga kichwa kwenye rafu, sikusikia maumivu. Niliibusu ile mashine mbovu. Nilipita korido nikikimbia katikati kabisa, nikiwapungia wagonjwa mkono kama mgombea ubunge, na Daktari Nahum alipochungulia dirishani kuniambia kwamba ramani inaonesha wakunga wote wamehamia upasuaji, nilimjibu, "Nakuja, Docteur, natafuta kuku!" Aliniangalia kwa huruma ya kitaalamu.

Sokoni sikuchagua sana. Nilichukua kuku mkubwa kuliko wote, mwekundu, mwenye hasira, na akanidonoa njia nzima. Jua lilikuwa bado lipo nilipofika mlangoni pa ofisi ya Mama Agar. Bila shaka sikuingia. Nilisimama kando, nikampa Élisée kuku yule, naye akampeleka ndani akijikaza asicheke.

Nilisikia kuku akilalamika, na Mama Agar akimpima uzito kwa mikono. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya nyumbani:

"Élisée, ambia mutoto yangu asanti. Na umuambie apigie baba yake simu. Si bale badogo. Baba yake mwenyewe. Dimanche akuye, akae kwangu, akule kwangu."

"Mama," Élisée akasema, "Jumapili ni kesho kutwa, treni inaweza kuchelewa."

"Ikichelewa, tutamungoja."

Nikatoa simu, nikakosea namba ya baba, mimi niliyeijua tangu utoto. Nikaipiga tena.