Nyumba ya Kalondu Yaenda Kutembelewa

Nyumba ya Kalondu ilikuwa imeshavuka kalvati na kushika njia ya sokoni Katelembo wakati Mbinya alipoiona. Mbinya alikuwa mlangoni pa mashine yake ya kusaga, anakaza mkanda wa injini, na watu saba wamepanga madebe yao ya mahindi. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mwaka uliofuata zile mvua za El Niño. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za tofali, mabati yameshika kutu upande mmoja. Haikuwa na miguu wala magurudumu. Ilikuja tu, mwendo wa ng'ombe aliyeshiba.

"Ipisheni," mteja mmoja akasema, akavuta debe lake pembeni.

Nyuma ya nyumba hiyo alifuata Syokau, jirani wa Kalondu, na chupa ya uji mkononi. Syokau hakuwa mshirika wa kanisa lolote.

Kalondu mwenyewe alikuwa ndani, kitandani. Aliteleza kwenye tope la mvua zile akavunjika nyonga, na tangu hapo alikuwa amelalia ubavu wa kushoto. Kumgeuza kulitaka watu wawili, na Syokau alikuwa mmoja. Kikundi cha kanisa cha kutembelea wagonjwa kilikuwa kimepitisha kwamba watu wawili waende kwake kila Jumanne. Mbinya, aliyekuwa katibu, aliandika hivyo kwa mkono wake. Jumanne kumi na moja zilikuwa zimepita. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Kazi zilikuwa nyingi, na mashine haikuwa na mtu mwingine wa kuisimamia. Mbinya alimwombea Kalondu kila asubuhi akiwasha injini, na alimwombea kwa moyo.

Nyumba ikasimama uani, karibu na kamba ya nguo. Mbinya akakung'uta unga, akaenda dirishani.

"Bwana asifiwe, Mwaitu," akasema, maana kwa Wakamba mtu mzima kama yule huitwa mama.

"Amina. Sasa ni wewe umefika, ama ni mimi?"

"Hata sijui, Mwaitu."

"Mimi nilikuwa nimelala tu, nikaona mparachichi wa Syokau unaenda zake. Nikasema, kumbe leo miti ina safari."

"Unaendeleaje?"

"Huu ubavu wa kushoto unasema umechoka kubeba mwenzake. Ingia, mwanangu. Syokau ashike mabega, wewe ushike miguu. Ni dakika mbili."

Mbinya alikuwa ameshainua mguu. Hapo ndipo mambo yalipomchanganya. Mgeni haingii kwa mgonjwa mikono mitupu, na mwenyeji hakosi kuchemsha chai. Akiingia, yeye ni mgeni, na hana kitu. Lakini nyumba imo uani kwake, kwa hivyo yeye ni mwenyeji, na jiko lake ni baridi. Hakutaka kumkosea mtu mzima heshima. Akamwita Wambugu, mzee wa kanisa, mwenye duka la simiti na misumari ng'ambo ya barabara.

Wambugu alikuja na futi ya kupimia. Akapima kutoka mpaka wa ua hadi ukuta wa nyumba, akasema nyumba imeingia kwa Mbinya futi kumi na tisa. Basi Kalondu ndiye mgeni.

"Mgeni hufanyiwa nini?"

"Hupewa kitu, Sista."

"Anataka kugeuzwa."

"Kugeuza ni kazi ya mwenye kutembelea. Na hapa aliyetembea ni yeye."

"Mzee, mimi sielewi."

"Hata mimi sielewi sana. Ndiyo maana nimepima."

Wakampitishia dirishani kilo nne za sukari na mfuko wa unga, wakaomba wakiwa wamesimama nje. Yalikuwa maombi mazuri. Daftari la kikundi lilikuwa na safu mbili, Aliyetembelewa na Waliotembelea. Wambugu akaandika Kalondu kwenye zote mbili. Syokau hakuandikwa, kwa kuwa si mshirika.

"Nitakuja Alhamisi, Mwaitu," Mbinya akasema. "Nije nikiwa mgeni kamili."

"Uje wapi, na mimi niko hapa?"

Nyumba ikaendelea. Ilifika kwa Wambugu, akiwa anapakua simiti, akatoa sukari. Ilifika kwa Onesmus, kiongozi wa kwaya, aliyefanya shifti ya usiku kiwandani Athi River. Alitoka na blanketi mabegani, akaimba beti mbili kwa macho mekundu, akatoa sukari, akarudi kulala. Kufikia Jumatano jioni ilikuwa imezunguka maboma kumi na manane, na hakuna aliyemnyima. Wengine walitoa kilo yao ya mwisho. Kila boma Kalondu aliomba mtu mmoja wa kushika miguu.

Alhamisi Mbinya alizima mashine saa tatu asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzike mumewe. Akanunua mkate. Akaikuta nyumba njia panda, imeshindwa na mlima. Mlango haukufunguka, sukari na unga vilikuwa vimejaa hadi kwenye paa. Syokau alikuwa akipitisha uji dirishani kwa kikombe kilichofungwa kwenye kijiti.

Yeye na Syokau wakaanza kutoa mifuko dirishani, mmoja mmoja. Wambugu akafika.

"Sadaka ikishatolewa hairudi nje, Sista. Mpaka kamati ikae."

"Inakaa lini?"

"Jumanne."

"Jumanne si tunatembelea wagonjwa?"

Wambugu akafikiri. "Basi hiyo ni shida."

"Nyinyi watu wa Mungu mna kazi," Syokau akasema.

"Umekuja na mkate?" Kalondu akauliza kutoka ndani.

"Nimekuja nao, Mwaitu."

"Basi mgeni ni wewe. Ingia."

"Sioni pa kupita."

Mbinya alisimama na mfuko wa kilo mbili kifuani, asijue kama auweke chini ama aurudishe. Alisimama hivyo hadi saa sita. Foleni ya madebe kule mashineni ikawa imefika barabarani. Akauacha mfuko dirishani, pamoja na mkate, akaenda kuwasha injini.

Kalondu alifariki mwezi wa Agosti, amelalia ubavu wa kushoto. Alizikwa hivyo hivyo, kwenye jeneza pana lililotoka Wamunyu. Siku ya mazishi hakuna aliyetuma udhuru. Mabasi manne yalijaa, hotuba zikaenda hadi jioni, na chai ilikuwa tamu. Nyumba ilibaki njia panda. Barabara ikapinda kuizunguka. Onesmus alipewa shifti ya mchana. Wambugu alifungua duka la pili Yatta, na kabla ya kuhama aliongeza safu ya tatu kwenye daftari, ya nyumba zinazokuja zenyewe. Syokau alienda kukaa na dadake Muthetheni.

Mbinya bado ni katibu. Nyumba ya mzee Muli, aliyepooza, ilipoanza safari mwaka uliofuata, ilimkuta Mbinya ameshabomoa geti lake na kujenga jingine pana zaidi, ili isikwaruze kuta ikiingia.