Kasoro za Nyumba ya Mwalimu

Dada yangu tunamwita Kasoro, na jina hilo hakuliokota barabarani. Mpe embe tamu, atakwambia kokwa kubwa. Mwonyeshe bwana harusi, atakwambia masikio. Anauza mitumba, na katika biashara ile, anasema, mdomo ndio mtaji. Asubuhi robota likifunguliwa, wenzake wakishangilia gauni zuri, yeye analinyanyua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, anatafuta kifungo kilicholegea, anatikisa kichwa. "Jamani, hili si la kudekia?" Mwenye robota anashusha bei mpaka unamwonea huruma. Jioni gauni lilelile liko mbele ya kibanda, na ukimuuliza atakuapia kwamba limevaliwa na mke wa balozi. Mimi ni kinyozi, midomo ya kila aina imekaa kwenye kiti changu, lakini kama ule sijapata kuuona. Na ninayasema haya nikiwa na hasira. Anayetaka hadithi ya ndugu wanaoshikana mikono akatafute kwingine.

Mama yetu alikuwa dobi. Alifua nguo za watu katika mtaa mmoja wa katikati ya mji tangu sisi hatujazaliwa, mtaa wa maghorofa ya zamani yenye madirisha marefu ya mbao na roshani za chuma. Presha ya macho ilipoanza kumpofusha, tulichelewa sana kugundua, kwa sababu pale mtaani macho hakuyahitaji. Alijua kidato kilichomeguka, alijua mfuniko wa mtaro unaocheza, alijua harufu ya duka la mikate na kelele za cherehani za fundi wa kona. Halafu nyumba tuliyopanga ikabomolewa, na kaka yetu mkubwa akamchukua kwake, nje kabisa ya mji, kwenye nyumba mpya zinazofanana kama watoto waliovaa sare.

Shemeji simsemi vibaya. Anampikia, anamfulia, anamwita Mama kwa adabu. Lakini geti linafungwa. "Mama usitoke, utagongwa." "Mama kaa, nitakuletea." Mama alikalishwa kwenye kiti cha plastiki barazani mpaka miguu ikavimba. Siku moja nilikwenda kumpunguza nywele, akanishika mkono wenye mkasi akasema, "Mwanangu, hapa nimekuwa gunia, nasogezwa tu watu wakifagia. Nitafutie mahali nitembee mwenyewe kabla sijafa." Hakuomba kingine, si dawa, si nguo. Nilijifanya nywele zimeniingia machoni.

Kiwanja cha marehemu Baba kilikuwa kimeuzwa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu tulikubaliana jambo bila kutukanana: fungu lote liende kwenye nyumba ya Mama. Kaka akasema tutafute, yeye hana muda. Tukatafuta mimi na Dada, na baada ya kuchoka kuonyeshwa vibanda, dalali mmoja akatuletea habari iliyonifanya nikae chini. Fleti inauzwa, tena ya chini kabisa, haina ngazi ya kupanda, tena kwenye mtaa uleule wa Mama. Nyumba ya zamani, imekarabatiwa upya, na bei yake tunaiweza.

"Ila nisikilizeni," dalali akasema. "Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, na hauzi kama watu wengine. Ile fleti aliinunua ikiwa gofu, wakaitengeneza yeye na mkewe kwa mikono yao. Mke amefariki, mzee anahamia kwa binti yake. Bei yake moja, hapandishi wala hashushi. Anachoangalia ni mtu. Kaeni naye, mnywe chai yake, mwambieni mlichokipenda. Basi."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Umemsikia, mdogo wangu? Tusifu! Tukishasifu bei inapaa, na kamisheni ya huyu inapaa nayo. Wewe dalali, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona hiki unakitembeza?"

Nilicheka na mimi. Semeni ukweli, nani kati yenu anamwamini dalali?

Siku ya kwenda kuiona tulimchukua Mama. Ndani ya teksi Dada akatoa amri. "Mama, ukiingia mule usiseme neno. Hata ukipenda, meza. Wewe kupatana hujui, watu wamekulipa nusu maisha yako yote na ukawaambia asante. Kazi hii niachie mimi." Mama akaitikia kama mtoto aliyeahidiwa peremende, "Haya mwanangu, nitanyamaza."

Tuliposhuka pale kona nilimshika mkono kama kawaida. Akautoa. Akasimama, akanyanyua pua, kisha akaondoka zake. Haki ya Mungu, aliondoka! Alipita kwa fundi cherehani, akamsalimu kabla fundi hajafungua kinywa, akaukwepa ule mfuniko unaocheza, akatelezesha vidole ukutani na kuuacha ukuta mahali palipo na mlango. Muuza mikate akapiga kelele, "Mama Dobi! Ulipotelea wapi?" Mama akacheka. Sikuwa nimekisikia kile kicheko tangu nyumba yetu ibomolewe, na hata Kasoro mwenyewe alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mwalimu alitufungulia. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, vumbi la msasa kwenye kucha. Tukampa shikamoo zake. Mezani palikuwa na birika la chai na vikombe vya udongo vilivyopangwa kwenye sinia. Na fleti yenyewe, niseme nini? Milango ya msaji, imekwanguliwa rangi za zamani zote mpaka mbao zimeonekana, ikapakwa mafuta. Sakafu ya terazo imesuguliwa ikang'aa. Makomeo ya shaba. Madirisha yale marefu yamewekewa vibao vipya vinavyofunguka bila kulia, na upepo ulipita kutoka sebuleni hadi jikoni. Kuta zilikuwa za kijani hafifu. Mimi nalala chumba cha nyuma ya saluni yangu, kwenye harufu ya spiriti. Nilitaka kulala palepale sakafuni.

"Karibuni," Mwalimu akasema. "Tazameni kwa nafasi. Chai ipo."

Dada akaanza. Akagonga mlango kwa kiungo cha kidole, akaguna. "Mbao za zamani hizi, mchwa watakuwa wanacheka humo ndani." Akaburuza kiatu kwenye terazo. "Hii itaua mtu siku ya kudeki." Akafungua dirisha, akalifunga. "Na hiki chumba kina giza! Mchana huu utafikiri magharibi." Hakukuwa na giza. Jua lilikuwa limetuzonga mpaka nakunja uso. Lakini ndivyo anavyofanya kwenye marobota, na mimi, mjinga mwenzake, nilisimama nyuma nikiitikia, "Kweli Dada, kweli," kama mpambe wa bondia.

Mwalimu hakubishana. Alitufuata chumba kwa chumba, mikono nyuma. Mara moja tu aliuliza, "Kuna chochote mlichokipenda?"

"Ah, Mwalimu," Dada akasema, "ni ya kuvumilia tu."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala chenye dirisha refu. Kiganja chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye fremu, polepole, kama anapima joto la mtoto. Midomo ilikuwa inamcheza. Nikamwona anavuta pumzi ya kusema, Dada naye akamwona, akamfinya kiwiko. Mama akafunga mdomo.

Kisha Dada akafika kwenye ukuta wa sebule. "Na hii rangi sasa! Ya wodini hii. Nani kachagua?"

"Mke wangu," Mwalimu akasema. "Alipaka mwenyewe. Alikuwa tayari anaumwa."

Hapo mtu mwingine yeyote angepiga magoti. Dada aliyumba kidogo, nilimwona. Lakini kashazoea, breki hana. "Basi," akasema, "tutapaka upya. Ila hiyo nayo ni gharama, itabidi utufikirie kwenye bei."

Mwalimu akachukua sinia na birika, akavirudisha jikoni. Chai hatukuinywa. Alipotoka akatushukuru kwa kuja, akatufungulia mlango, akamwambia Mama aangalie kizingiti.

Huko nje Dada alikuwa anasugua viganja. "Tumempata! Umeona alivyonywea? Mpe muuzaji mgongo, kabla hujafika kona anakuita." Tukafika kona. Hakuna aliyetuita. "Ataita kesho." Kesho ikapita. "Anajivuta huyo, ataita." Nilimsihi tumpigie sisi. Akaniambia mwenye shida ndiye anayepiga simu kwanza, na sisi shida hatuna. Hatuna! Mama anakaa kwenye plastiki, sisi hatuna shida! Tukatukanana mpaka wateja wangu wakanyamaza, mmoja nusu kichwa kimenyolewa nusu bado.

Aliyepiga simu ni dalali. Fleti imeuzwa, akasema, kwa vijana wawili waliooana juzi, na tena kwa bei ndogo kuliko tuliyokuwa nayo sisi, kwa sababu hawakufikisha na mzee akawaambia leteni mlichonacho. "Niliwaambia," dalali akasema. "Mkaniona mwizi."

Tulikwenda siku hiyohiyo, tumeloa jasho. Mwalimu alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. Dada hakusubiri kukaribishwa. "Mwalimu, tutaongeza! Taja, tutaongeza."

Mwalimu akaiacha kamba. "Binti yangu, si uliniambia haifai?"

"Yale maneno ya biashara tu, Mwalimu! Kila mtu anajua!"

"Mimi sikujua," akasema. "Wale vijana walikuja, binti akauwekea ule ukuta mkono, akaniuliza nani alichagua rangi hii, inatuliza. Nikamweleza. Akalia. Nikajua mke wangu hatapakwa chokaa juu."

Hapo nikasema mimi. Nikamweleza habari za Mama, kufua kwake, macho yake, kiti cha plastiki, geti. Nilimweleza yote niliyopaswa kuyasema siku ile tukiwa na birika mbele yetu. Mwalimu akaketi juu ya vitabu vyake.

"Yule mama haoni?"

"Haoni kabisa."

"Lakini aliingia mwenyewe. Hakushikwa mkono na mtu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mimi nilimtazama sana, kwa sababu nyinyi wawili niliwachoka mapema. Nikasema, labda huyu. Nilimngojea aseme japo neno moja. Hakusema. Nikajua haijampendeza hata yeye. Mbona hamkuniambia? Ningewapa, tena siku ileile."

"Basi tupe sisi sasa," Dada akasema, na sauti yake sikuitambua.

"Nimeshasaini. Na nimewapa neno langu." Alisimama akatupa mkono wa kwaheri. Nilimchukia kwa dakika ile, niseme kweli. Nilimchukia yeye na ukuta wake na marehemu wake, na ningepata mtu mwingine yeyote wa kumlaumu ningemlaumu.

Njiani kwenda kwa Kaka tulikubaliana kwamba Dada ndiye atakayesema. Tulimkuta Mama barazani kwenye kiti chake, amevaa viatu vya kutokea, kifurushi cha nguo magotini kimefungwa kwa kanga. Shemeji akatunong'oneza kwamba amekaa hivyo tangu siku ile tuliporudi kutoka kwenye fleti tukamwambia mambo yanakaribia, kila siku, na kuvua hataki.

"Mama," Dada akasema. "Ile nyumba imeshindikana."

Vidole vya Mama vikachezea fundo la kanga. Dada akaanza kulia, na kilio chake kama kelele zake, hakina kiasi. Mama akampapasa mpaka akakipata kichwa chake.

"Usijitese, mwanangu. Si ulisema ina giza? Si ulisema na mbao zimeliwa na mchwa? Ungenipeleka nikaangukiwe? Mimi nilipoushika ule mlango niliona laini, na upepo wa dirishani ulinipiga usoni, nikasema moyoni, hapa ndipo. Lakini kipofu anajua nini? Nyinyi mna macho."

Kisha akanigeukia mimi. Akanyoosha shingo, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni.

"Eti, kinyozi wangu. Wewe huwa hunidanganyi. Ilikuwa mbaya kweli?"

Dada alinyanyua uso kutoka magotini kwa Mama akanitazama. Nilikuwa na neno moja la kumlipa kwa yote, lilikuwa tayari ulimini, na naapa nilitaka kulitema.

"Mbaya, Mama," nikasema. "Kuta zote zimeoza."

"Afadhali," Mama akasema, akainama kuvua viatu.